Aliyeshuka Kabla Yetu

Jumatatu, 3 Juni

Matimba manne leo. Gogo la tano lilikuwa na ufa, nimelirudisha juu. Ngolo, binti anayechimba nyuma yangu, kalalamika kwamba nachelewesha uchimbaji. Alalamike. Duara, yaani shimo la dhahabu, likibomoka halimuulizi mtu alikuwa na haraka gani.

Tumefika mita ishirini na sita. Wiki ya tatu sasa tangu tuanze kulifukua shimo hili. Wanawake tisa, leseni moja. Sita kati yetu walikuwa waokota mawe kule mwaloni, mahali pa kusaga na kuosha mchanga wa dhahabu. Miaka wamekaa juani wakipepeta mabaki ya wanaume. Ufundi wa matimba ninao mimi peke yangu. Baba alinifundisha kulipima gogo, kulikata, kulibana ukutani mpaka lizuie udongo usishuke. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Angejaliwa, mimi nisingeshikishwa shoka. Najua hilo na halinisumbui.

Wilaya ilipotenga maeneo kwa vikundi vya akina mama, kamati ya wachimbaji ya hapa ilitupa duara hili. Lilikuwa limeachwa miaka mingi. Wanaume hawalitaki. Wanasema lina mwenyewe. Tulilichukua hivyo hivyo. Hatukupewa jingine.

Winchi inashikwa na Mzee Masalu, mwanaume pekee aliyekubali kufanya kazi na sisi. Anatushusha mmoja mmoja, taratibu, kama anashusha mayai. Haongei. Ikifika saa sita mchana anaacha winchi, anavuka barabara, anakwenda kukaa kule ng'ambo mpaka saa saba. Nilimuuliza kwa nini asipumzike hapa kivulini na sisi. Akasema kivuli cha hapa hakimfai.

Jumatano, 5 Juni

Vumbi. Kifua kimebana. Nimepiga simu Kagongwa. Wanangu mapacha, Kulwa na Doto, wazima, wanamsumbua bibi yao.

Leo saa sita nilibaki chini kumalizia gogo moja. Wenzangu walipanda kula. Mpira wa hewa unapuliza polepole, tochi ya kichwani imewaka, mimi na nyundo yangu tu.

Niliacha kugonga ili nipumue. Kugonga hakukuisha.

Mara tatu. Kimya. Mara tatu.

Nazijua sauti za shimo. Gogo likilemewa hulia kama mlango mkavu. Likikaribia kukatika hupasuka kama kuni mbichi motoni. Maji hudondoka, hayagongi. Hii ilikuwa chuma juu ya jiwe. Upande wa mashariki, nyuma ya ukuta wa udongo. Tatu, kimya, tatu. Kama mtu anayepiga hodi na kungoja aitikiwe.

Nikavuta kamba. Ngolo ndiye aliyenipandisha, maana Mzee Masalu alikuwa ng'ambo ya barabara, ametupa mgongo.

Nimeangalia ramani ya leseni. Mashariki hakuna duara la mtu. Hakuna kitu.

Sijamwambia mtu yeyote. Wakisikia nimeogopa, hata Ngolo hatashuka kesho.

Ijumaa, 7 Juni

Bosi Ndalahwa katutembelea. Ndiye mwenyekiti wa kamati, na maduara matatu ya jirani ni yake. Kaja na kreti ya soda. Kamwamkia Mama Stella, mwenyekiti wetu, kwa heshima zote. Akawaulizia watoto wake, akaulizia mihogo ya kwao Ushirombo. Akakaa kwenye kiroba cha mchanga bila kujali suruali yake safi.

Halafu akasema anatuonea huruma. Hili duara limezeeka. Yuko tayari kutubadilishia. Tuchukue lake la kule mlimani, ambalo mwamba wake wa dhahabu unaonekana kwa macho, naye alifukie hili kwa usalama wa watu.

Mama Stella akamuuliza, "Bosi, mtu anabadilishaje ng'ombe wa maziwa kwa fuvu?"

Akacheka. Akasema ni moyo tu. Kisha akaongeza, huku ananiangalia mimi: "Na yule ambaye yuko kwenye siku zake asishuke, mama. Mnajua wenyewe. Dhahabu inakimbia."

Soda tumekunywa. Wenzangu wawili wanataka tukubali. Duara zuri, watu wapumzike roho. Mimi nimesema hapana na sikuweza kueleza kwa nini. Mtu hatoi kizuri ili apewe kibaya. Hivyo tu.

Jumatatu, 10 Juni

Niko kwenye siku zangu. Nimeshuka.

Saa nne asubuhi Ngolo kapiga tindo kwenye ukuta wa kaskazini, likatoka jiwe jeupe lenye mstari wa kutu. Tumelipasua. Limemeta. Punje ndogo kama chumvi, lakini zipo. Ngolo kapiga kigelegele, sauti ikapanda shimo lote mpaka juu, wakaipokea. Dhahabu haikukimbia. Nimetamani Bosi Ndalahwa angekuwepo nimweleze, kwa maneno yake yale yale.

Kigelegele kilipokwisha juu, kikaitikiwa tena. Chini. Upande wa mashariki. Hafifu, kama cha mtu aliyefunika mdomo kwa kanga.

Ngolo akaniangalia. "Mwangwi," nikamwambia.

Mwangwi haukai muda mrefu vile kabla ya kujibu. Yeye anajua. Mimi najua.

Alasiri udongo wa mashariki umeshuka wenyewe. Si mwingi, toroli mbili. Nyuma yake kuna uwazi unaotosha mtu kupita kwa tumbo. Nimemulika. Njia. Ina matimba.

Jumanne, 11 Juni

Nimeingia peke yangu, kamba kiunoni, Ngolo ameshika ncha. Njia inakwenda kama hatua kumi na mbili, kisha imezibwa na kifusi kikubwa.

Naandika nilichokiona, nisije nikakibadilisha kesho.

Matimba ni kazi nzuri. Nzuri kuliko yangu. Kila gogo limekatwa mdomo wa samaki ili lilalie jingine bila msumari. Mikato inaelekea kushoto. Aliyekata alitumia mkono wa kushoto. Ni ya zamani, lakini hakuna hata moja lililoachia.

Na ni mafupi. Wanaume wakichonga njia huiacha chini kabisa watambae, au huiinua juu wasimame. Hii imeachwa kwa kimo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Nilisimama wima. Kofia yangu ikabakiza vidole viwili. Ngolo, ambaye ni mrefu, alipoingiza kichwa alilazimika kuinama.

Nimetembea ndani ya njia iliyopimwa kwa mwili wangu.

Ukutani kuna alama ya mkono kwenye udongo uliokauka. Mkono wa kushoto, vidole vimetanuliwa, kama aliyeegemea kupumzika. Nikaweka wangu juu yake. Sikupaswa. Umeingia wote, kidole kwa kidole.

Nilitoka kinyumenyume.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemwambia Mama Stella. Yote. Kugonga, kigelegele, mkono. Hakucheka. Katoa rozari mfukoni akaishika tu, hakusali. Kasema kuna wachimbaji waliofukiwa sehemu nyingi hapa, na mara nyingi hakuna anayewaulizia. Kasema tuondoe kile kifusi taratibu, kwa matimba, kama tunavyochimba pengine popote.

Jioni, wakati wa kupanda, Mzee Masalu alinisimamisha mdomoni mwa shimo kabla sijafungua mkanda. Jasho lilikuwa linamtoka. Mimi ni mwepesi, siku zote ananivuta kwa mkono mmoja.

"Leo umepanda mzito, Mama Kulwa."

Nikamwambia sina hata kiroba.

Akachungulia nyuma yangu, shimoni. "Umepanda na nani?"

Nimemjibu vibaya. Nimemwambia mtu mzima asiniletee mambo ya hofu, nina wanawake wanane wa kuwashusha kesho. Akainamisha kichwa. Akarudi kwenye mpini wa winchi.

Ninamchukia kwa kuniuliza vile. Usiku huu naangalia nyuma kila nikiingia mlangoni.

Jumamosi, 15 Juni

Kamba ilikatwa.

Si yote. Nyuzi mbili kati ya tatu, sehemu inayozunguka gurudumu, mahali ambapo jicho halifiki. Mzee Masalu ndiye aliyeigundua asubuhi kabla hatujaanza. Angenishusha mimi, maana huwa natangulia kukagua. Alinionyesha, kisha akaketi chini kwenye vumbi.

Saa tatu Bosi Ndalahwa kapita na gari, kashusha kioo. Kasema kasikia tumepata ajali. Nikamwambia hatujapata ajali yoyote. Akasema, "Basi tumshukuru Mungu. Lile la mlimani bado lipo." Akaondoka.

Nani alimwambia kuna ajali?

Nimekasirika mpaka meno yanauma. Tumenunua kamba mpya. Ninaiweka chumbani kwangu, chini ya kitanda.

Jumapili, 16 Juni

Kikao baada ya misa. Wenzetu Waislamu wametungoja kwa Mama Stella. Watu tisa, chumba kimoja. Mama Stella kasema kila mmoja aseme la moyoni, hakuna kulaumiana.

Wawili wanataka duara la mlimani. Mmoja ana mimba, namwelewa. Wengine wakasitasita. Ngolo ndiye aliyewaamsha. Ana miaka ishirini na mbili, aliacha shule akaja kuokota mawe akiwa na miaka kumi na tatu. Kasema: "Tangu nimefika hapa naambiwa nisikanyage kule, nisivuke hapa, nisiguse kile, nitafukuza dhahabu. Nimepewa shimo ambalo hawalitaki. Sasa wanalitaka. Nataka kujua wanataka nini humo."

Saba tumenyoosha mikono.

Jumatatu, 17 Juni

Tumempata.

Tulianza saa mbili. Mimi natangulia na matimba, Ngolo anatoa kifusi nyuma yangu, wengine wanapokezana viroba. Tulikwenda polepole sana. Saa tano na nusu tulikuwa tumevuka kile kifusi chote isipokuwa ukuta mwembamba. Niliwaambia wazime mashine ya kupasulia. Nilitaka kusikiliza matimba.

Saa sita.

Mara tatu. Kimya. Mara tatu.

Safari hii wote walisikia. Wanne tulikuwa chini. Mmoja alianza kulia. Ngolo aliweka kiganja ukutani, akasema unatikisika. Nami nikaweka. Ulikuwa unatikisika.

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Nikachukua nyundo nikajibu. Mara tatu.

Kukawa kimya. Kimya kile kilikuwa kizito kuliko kugonga. Hata mpira wa hewa niliacha kuusikia. Tukasubiri. Hakukuwa na jibu tena.

Tukatoboa.

Chumba kidogo, kama jiko. Matimba yake yamesimama yote. Yeye ameketi, mgongo ukutani, amekunja miguu. Mifupa na nguo. Buti za mpira. Suruali ya kaki. Tindo iko mkono wa kushoto. Mbele yake, kwenye jiwe, kuna shimo alilochonga kwa kugonga, linaingia ngumi yangu na kifundo cha mkono. Alikuwa amebakiza kidogo sana. Hatua mbili. Kama mtu angechimba kutoka upande wetu, wangekutana kabla jua halijazama.

Ngolo alimulika kiunoni. Kitambaa cha suruali kilikuwa kimeoza. Shanga. Nyekundu na nyeupe, mistari mitatu, kama anazovaa mama yangu, kama nilizovaa mimi.

Mwenzetu mmoja alivua kanga yake akamfunika.

Tulipanda mmoja mmoja. Mzee Masalu alitupandisha wote bila kuuliza. Alipomaliza akafunga breki ya winchi na kuniuliza swali moja tu.

"Ameketi au amelala?"

Jumanne, 18 Juni

Katusimulia. Nyumbani kwa Mama Stella, saa nne asubuhi, chai imepoa mbele yake. Naandika kwa ufupi. Siwezi kurefusha.

Alikuwa anaitwa Shija. Jina la mtoto anayezaliwa baada ya mapacha, wa kiume au wa kike. Hakuhitaji hata kulibadili. Alikuja miaka kumi na tisa iliyopita, kimya, mfupi, koti halivuliwi. Fundi wa matimba. Kila mtu alitaka kuchimba nyuma ya matimba ya Shija. Walimdhania kijana asiyeota ndevu. Duara lilikuwa la Ndalahwa, akiwa bado kijana, ndiyo kwanza anaanza.

Wiki tatu hawakupata kitu. Siku moja udongo ukaporomoka mwishoni mwa ile njia, Shija akabaki ng'ambo ya kifusi peke yake. Wakaanza kufukua. Walimsikia anagonga, wakagonga kumjibu. Ndalahwa akaenda kuchukua koti lake lililokuwa juu, atafute kitambulisho. Ndani ya koti akakuta vitambaa vya siku za mwanamke.

Akaja mdomoni mwa shimo akawaita wachimbaji wote wapande. Akasema sasa anajua dhahabu imekimbilia wapi. Akasema duara limechukua kilicho chake, mtu asishuke. Akawatawanya, akawaambia waliouliza kwamba Shija ametoroka.

Mzee Masalu ndiye aliyekuwa kwenye winchi. Ndiye aliyeivuta kamba ikapanda tupu.

Shija aligonga siku tatu. Siku ya tatu, saa sita mchana, akaacha.

Mama Stella akamuuliza kwa nini hakwenda kwa mtu yeyote. Akasema alikuwa na watoto wawili na hakuwa na kazi nyingine. Akasema tangu hapo hajawahi kuondoka machimbo haya. Alijaribu kwenda Mwadui, akarudi. Alijaribu Katoro, akarudi. Ndalahwa aliridhia tupewe duara lile, akidhani wanawake hatutafika hata mita kumi. Aliposikia hivyo, Mzee Masalu aliomba kazi siku ile ile.

Alitaka tumsamehe. Nilimwona anangoja. Mimi sikuweza. Nimenyanyuka nikatoka nje. Amenishusha na kunipandisha mwezi mzima, ameokoa maisha yangu Jumamosi, na sitaki aguse tena kamba yangu. Yote mawili ni kweli.

Tumekubaliana. Tunakwenda polisi. Mwenzetu mmoja kakumbusha kwamba duara litafungwa, na tumeshaufikia mwamba. Tunajua. Ngolo kasema mwamba hauna miguu.

Alhamisi, 20 Juni

Polisi, mtu wa ofisi ya madini, daktari. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushuka kwa kamba. Nimewafunga mikanda, nimewaonyesha pa kukanyaga. Askari mmoja, kijana wa kutoka pwani, alikuwa ananiita "dada", tulipofika chini akaanza kuniita "mama".

Daktari kamtazama, kasema ni mwanamke, si mzee. Kafanya kazi yake kwa adabu. Nimeshukuru.

Wakati wa kupanda yule askari akaniuliza kama tuna wachimbaji wengine upande ule.

Nikamwambia hapana.

"Nani anayeimba, basi?"

Mimi sikusikia chochote. Nimesimama dakika nzima nikisikiliza, na sikusikia. Nimeona wivu. Ni ajabu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyohisi.

Nyumba ya Ndalahwa imefungwa. Gari halipo. Mzee Masalu kaondoka na polisi kwa miguu yake mwenyewe. Alipita mbele yangu, akaniinamishia kichwa. Nikamwamkia, "Shikamoo." Ni mtu mzima. "Marahaba," akasema, akaendelea kutembea.

Alhamisi, 4 Julai

Wiki mbili bila kazi. Duara limefungwa kwa utepe. Nauza maandazi asubuhi pamoja na Ngolo. Anachoma vibaya.

Wenzetu wawili wametoka kikundini. Hatuwalaumu. Kuna wanaume wanapita wakitutemea mate karibu na miguu. Wanasema tumechafua machimbo, hakuna duara litakalotoa kitu mwaka huu. Kuna wengine hawasemi. Jana mmoja wa wachimbaji wa Ndalahwa, mtu mzima, alinunua maandazi manne, akasimama, akaniambia alikuwa miongoni mwa waliopandishwa siku ile. Akaniachia maandazi mkononi akaenda zake.

Ndalahwa kakamatwa Mwanza. Ana wakili. Inasemekana atatoka kwa dhamana. Naogopa. Sijawahi kumwogopa akiwa na kreti ya soda, namwogopa sasa.

Mzee Masalu alitaja kijiji kimoja, mbele kidogo ya Kagongwa. Shija aliwahi kukisema. Nimempigia mama. Kasema ataulizia siku ya mnada: familia ya mapacha wa kike, mdogo wao Shija, mkono wa kushoto.

Nafsi yangu haijatulia. Nina mapacha. Kila nikiandika jina lile nahesabu watoto wangu.

Jumanne, 9 Julai

Mama kapiga simu. Wamepatikana. Pacha mmoja alishafariki. Amebaki Doto. Bibi sasa. Alipoulizwa kuhusu mdogo wake, kasema, "Aliyekwenda kutafuta ada ya watoto wetu?"

Jumamosi, 27 Julai

Tumemzika leo, kijijini kwao. Wanawake saba tumekwenda na gari la mizigo. Mama yangu kaja na Kulwa na Doto, wametulia, wameshika mkia wa kanga yake.

Ndugu wa kiume walitaka kuchimba kaburi. Bibi Doto kakataa. Kasema wachimbe wenzake. Basi tumechimba sisi. Udongo mwekundu, laini, hauhitaji hata gogo moja. Nimenyoosha kingo kwa jembe mpaka zikawa kama ukuta wa nyumba. Wanaume wamesimama pembeni wameshika kofia.

Shanga walimwachia.

Nililia kaburini mpaka nikaona aibu. Sikumjua. Nimetembea tu ndani ya njia yake.

Jumatatu, 5 Agosti

Utepe umetolewa. Mtu wa ofisi ya madini kakagua matimba, ya kwangu na ya kwake. Kaniuliza yale ya mashariki kachonga nani. Nikasema fundi wetu wa kwanza. Kaandika.

Ngolo sasa ndiye wa winchi. Mabinti wawili wa mwaloni wamekuja kuomba kujifunza matimba. Mmoja kashika shoka kama mwiko. Atajifunza.

Mchana nilipanda nikamkuta mchimbaji mmoja wa duara la jirani ananingoja. Nilidhani kaja kugomba. Kasema gogo lao la tatu linalia, kama naweza kuja kulisikiliza. Aliongea akiangalia buti zake. Nimekwenda. Lilikuwa limebakiza siku mbili au tatu. Tumelibadilisha. Saa sita ilitukuta humo, na hakuna aliyeniambia nitoke.

Jumatano, 14 Agosti

Bibi Doto kaja. Kapanda basi peke yake, kashuka Katoro, kaulizia njia. Begi moja, na mfuko wa matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, kwa ajili yetu. Kaniita mayu, mama, kasema anataka kushuka.

Nikamwambia bibi, ni mita ishirini na nane, ni kamba tu. Kasema yeye si gunia, atajishikilia.

Mama Stella kasita, kisha kaniachia mimi niamue. Tumemfunga mkanda kifuani na mapajani, tumemvalisha kofia ngumu juu ya kilemba. Mimi nilitangulia kumngoja. Ngolo kamshusha polepole sana. Nilimwona anakuja, miguu kwanza, viatu vya plastiki, macho wazi. Hakupiga kelele hata mara moja.

Ameingia njia ya mashariki bila kuinama. Wana kimo kimoja. Alikuwa anagusa kila gogo, moja baada ya jingine, kama mtu anayepita katikati ya mifugo yake. Mwisho wa njia nikamwambia ni hapa. Akaketi chini. Nikakaa kando yake, nikageuza tochi isimpige machoni.

Tulikaa muda mrefu. Kulikuwa na kimya cha kawaida. Udongo na hewa ya mpira.

Akajifuta shingo kwa kiganja. Akakitazama kiganja kile.

"Kuna joto huku, mayu."

"Ndiyo, bibi."

"Hata Juni? Hata wakati wa upepo?"

"Mwaka mzima. Huku chini hakubadiliki."

Akaitikia kwa kichwa kidogo, mara kadhaa.

"Aliondoka nyumbani bila shuka," akasema. "Tangu mliponipa habari zake, nilikuwa nawaza alikufa kwa baridi."

Akavua kanga ya mabegani, akaikunja vizuri, akaiweka mapajani. Sikumharakisha.